Kulevywa na Bahari, na Namna ya Kujikinga

Wengi wetu tu watu wa bara, nasi tuvukapo mara ya kwanza kwenda Unguja au Pemba twaingia chomboni kwa furaha na kutoka tumelegea kabisa. Zamani nalidhani ugonjwa huu ni wa waoga. Sivyo. Nelson, amiri mashuhuri wa manowari za Waingereza, alisumbuliwa nao hata alipokuwa amekaa baharini miaka zaidi ya 30.

Chanzo chake ni hiki. Ndani ya sikio mna vijifereji vyenye maji, navyo huupasha ubongo habari za mwendo wa mwili. Mtu akikaa chumbani melini, macho humwambia, "Umetulia," maana kuta hazisogei mbele yake; masikio husema, "Wapanda, washuka." Ubongo upatapo habari mbili zisizopatana, tumbo huchafuka.

Basi tuyapatanishe macho na masikio. Kaa sitahani penye hewa, katikati ya meli, maana omo na tezi ndizo zipandazo na kushuka zaidi. Tazama mbali, mahali mbingu na bahari zikutanapo. Usisome. Mimi nalivuka mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, nikafungua kitabu. Sikumaliza ukurasa wa pili. Mtu asiyeweza kukaa nje na alale chali, afumbe macho.

Wako wasemao heri kusafiri na tumbo tupu. Hao wakosa. Kula kidogo, mkate mkavu au ndizi ya kuchemsha, uache mafuta na pombe.

Ziko na tembe, kama dimenhidrineti, iliyojulikana kwa kazi hii tangu miaka ya 1940. Humezwa nusu saa au saa nzima kabla ya kung'oa nanga; ukingoja mpaka utapike, utaitapika nayo. Huleta usingizi, na mwenye mimba au mtoto mdogo asipewe bila shauri la mganga.

Na ukishindwa, tapika katika mfuko, umeketi. Safari ile ya Julai mzee mmoja aliinamia ukingo. Wimbi likainua ubavu wa chombo, nasi tukamkamata kanzu, miguu yake imekwisha kuacha sitaha.