Hewa ya kompresa: tupunguze gharama bila kula vumbi

Wafanyakazi na jamaa zenu, mwezi huu somo letu ni juu ya hewa ya kompresa, ile inayosafisha mifuko ya mashine ya kunasa vumbi pale tunapoponda na kuchekecha mawe. Wengi wanadhani hewa haina bei kwa kuwa iko kila mahali. Hewa ya kompresa ni umeme, tena umeme ghali. Katika kila sehemu 10 za umeme zinazoliwa na mota, sehemu 1 tu hivi inafika kwenye kazi. Zilizobaki zinageuka joto, na ndiyo maana huwezi kuweka mkono juu ya kompresa inayofanya kazi.

Hapa Kisangani jambo hili linatugusa zaidi kuliko wenzetu wa mahali pengine. Umeme wa mji unatoka kituo cha SNEL kwenye maporomoko ya mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950. Kina mashine 3, na mara nyingi si zote zinazozunguka. Umeme ukikatika, jenereta inawashwa, na mazuti yake yamefika kwa mto kutoka Kinshasa, safari ya kilomita 1,700 hivi, au kwa barabara mbaya kutoka mashariki.

Tufanye hesabu pamoja. Tundu la milimita 3 kwenye bomba la hewa, yaani kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kwa mkandamizo wa bari 6 au 7, linapoteza hewa inayohitaji kilowati 3 hivi mfululizo. Jenereta inatoa karibu kilowati-saa 3 kwa kila lita ya mazuti. Basi tundu lile moja linakunywa lita 1 kila saa, mchana na usiku, hata wakati wa chakula. Kwa siku 8 au 9 limemaliza pipa zima la lita 200. Sasa jiulize una matundu mangapi kwenye viungo, mipira na vali za sehemu yako.

Kujua kiasi kinachopotea si kazi ngumu. Siku kiwanda kimesimama na hakuna anayetumia hewa, acha kompresa iwake, kisha shika saa. Kama katika dakika 10 inasukuma hewa kwa dakika 2, na dakika 8 inazunguka bure, basi sehemu 1 katika 5 ya nguvu yake inakwenda kwenye matundu. Halafu tembea na maji ya sabuni na brashi. Povu litakuonyesha mahali.

Sasa tuangalie mashine yenyewe. Ndani yake imening'inia mifuko ya kitambaa, kila mmoja umevikwa kwenye kizimba cha waya. Feni inavuta hewa yenye vumbi, vumbi linabaki nje ya mfuko na hewa safi inapita ndani. Vumbi likizidi, feni inavuta kwa shida. Hapo vali inafunguka kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu na kupiga hewa ndani ya mfuko. Mfuko unaruka, gamba la vumbi linaanguka chini. Kinachofanya kazi ni ule mshtuko wa kwanza. Ukiacha vali wazi nusu sekunde, mfuko hausafiki zaidi, ila hewa inakwisha.

Hapo ndipo makosa mengi yanapoanza. Vumbi likionekana kwenye sehemu ya kazi, mtu anakimbilia kuongeza mkandamizo, au anafupisha muda kati ya pigo na pigo. Kwa siku mbili mambo yanaonekana mazuri. Lakini gamba jembamba la vumbi juu ya kitambaa nalo linachuja. Ukilipukuta lote kila dakika, vumbi laini kabisa, lile lisiloonekana na linalofika ndani ya mapafu, linapenya. Na mfuko unaopigwa kupita kiasi unasugua kizimba mpaka unatoboka. Umelipa hewa zaidi ili upate vumbi zaidi.

Dawa yake ni kuangalia kipimo cha tofauti ya mkandamizo kati ya upande mchafu na upande safi. Mashine nyingi zinaweza kupangwa zianze kupiga kipimo kikifika, tuseme, milimita 150 za maji, na kunyamaza kikirudi 100. Namba kamili tazama kwenye kitabu cha mashine yako. Wakati mawe ni machache, mashine itapumzika yenyewe. Lakini mirija midogo ya kipimo hicho iwe safi: ikiziba, sindano inadanganya, na mashine inafuata uongo wake.

Tumia masikio pia. Vali nzima inatoa kishindo kifupi na kikavu. Ukisikia pumzi ndefu, kiwambo cha mpira ndani yake kimechanika na hewa inamwagika moja kwa moja. Mkandamizo unashuka kwa vali zote za mstari ule, na mifuko yote inaachwa michafu. Mwambie shefu wa ekipe siku hiyo hiyo. Usifungue vali mwenyewe: tangi lake lina mkandamizo hata kompresa ikizimwa. Lazima hewa ifungwe, itolewe yote, kipimo kisome sifuri, na kufuli liwekwe, ndipo fundi ashike ufunguo. Vali iliyofunguliwa na hewa ndani inaruka kama risasi.

Adui mwingine wetu ni maji. Karibu na ikweta hewa imelowa mwaka mzima. Kompresa inayovuta mita 10 za ujazo kwa dakika, siku ya joto la digrii 30 na unyevu wa 80 kwa mia, inaingiza maji lita 14 hivi kila saa, na lita 10 au zaidi zinabaki majimaji hewa ikipoa. Yasipotolewa yanakwenda kwenye mifuko, vumbi linageuka udongo wa kufinyangia, na mfuko unaziba kabisa. Mwageni maji ya tangi kila mara kwa zamu, au wekeni vali inayomwaga yenyewe. Kuna wanaoacha bomba la kumwagia likiwa wazi kidogo ili wasisumbuke. Hilo nalo ni tundu, mnajua tayari linakunywa nini.

Kuna akiba moja isiyoruhusiwa kabisa: kufunga hewa ya mifuko au kuzima feni wakati mawe yanapita, kwa kusema tunaokoa mazuti. Vumbi la mawe yenye silika linaleta silikosisi, ugonjwa unaokausha mapafu na usio na dawa ya kuyarudisha, tena linafungua mlango kwa kifua kikuu. Tangu 1997 vumbi hilo limo pia katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Mwaka 1930 waganga wa nchi nyingi walikutana Johannesburg kwa ajili ya ugonjwa huu tu. Hata hivyo wachimbaji waliendelea kuvuta vumbi, na mwaka 2019 mahakama ya huko huko ilipitisha mapatano ambayo kampuni 6 za dhahabu zilikubali kulipa wagonjwa na wajane wao, randi bilioni 5. Pesa hizo zingenunua viwambo na mifuko mingi sana.

Mwisho, jambo la nyumbani. Wanaume wengi wakitoka kazini wanachukua mpira wa kompresa na kupuliza nguo walizovaa. Acheni. Hewa hiyo inaweza kupenya ngozi au kupasua jicho na sikio, na vumbi lililolala linapanda tena puani mwako na kwa jirani. Vueni nguo za kazi kazini, mkaoge. Kama lazima zifike nyumbani, zije ndani ya mfuko uliofungwa. Nanyi akina mama, msizikung'ute uani mbele ya watoto: zitumbukizeni kwanza kwenye maji, katika beseni lake peke yake, ndipo mzifue.