Samoni Warudi Kijitoni

Watu wengi hudhani ya kuwa samaki hahitaji kitu ila maji. Sivyo. Mto waweza kuwa na maji mwaka mzima, wala usiwe na samaki hata mmoja. Tutalieleza jambo hili kwa habari ya watoto wa shule moja katika Marekani.

Upande wa magharibi wa nchi hiyo yuko samaki aitwaye samoni. Perege tunayemjua sisi huatamia mayai kinywani mwake, bali samoni huyafukia katika changarawe ya kijito. Mayai hayo huishi kwa hewa iletwayo na maji safi ya baridi yapitayo kati ya vijiwe. Tope likiziba nafasi hizo, mayai hukosa hewa, yakafa. Samoni wa aina iitwayo koho, vifaranga wake hukaa kijitoni mwaka mmoja au zaidi, ndipo washukapo baharini kukua. Wapatapo umri wa miaka mitatu hivi, hurudi kuzaa katika kijito walichotoka, wakikitambua kwa harufu ya maji yake. Na wakiisha kuzaa hufa.

Mjini Everett, katika jimbo la Washington, karibu na shule ya Jackson, kuna kijito kiitwacho Pigeon Creek. Kilikuwa kimegeuzwa jaa, na samoni walikuwa wametoweka. Katika miaka ya 1980 wanafunzi na walimu wao walishika kazi ya kukitengeneza. Waliondoa taka, wakawasihi watu wasitupe nyingine. Kisha walilea mayai ya samoni shuleni katika tangi la kioo, na vifaranga walipopata nguvu wakawatia kijitoni.

Hapo ndipo subira ilipojaribiwa. Mkulima wa mahindi huliona shamba lake kila siku; watoto hawa walipeleka mavuno yao baharini, wasijue kama yatarudi. Na muda huo wote iliwapasa kukilinda kijito, kwa maana samaki akirudi akakuta uchafu, kazi yote ni bure. Mwishowe samoni wakubwa walionekana tena kijitoni. Habari hizi alizieleza Bibi Molly Cone katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1992.

Basi tujifunze. Kwanza, kuondoa taka ni mwanzo tu. Yafaa miti iachwe au ipandwe ukingoni: kivuli chake hupoza maji, mizizi yake hushika udongo, na wadudu waangukao kutoka majanini huwa chakula cha samaki. Pili, shamba likilimwa hata ukingoni kabisa, mvua huchukua udongo na kuufukia uzao wa samaki. Mwenye kuharibu mto huko juu humnyima kitoweo jirani wa chini, ijapokuwa hawajaonana kamwe. Tatu, kazi hii si ya wataalamu peke yao; hata mtoto aiweza, mradi wazee wasimkatishe tamaa kabla samaki hawajarudi.