Mfupa Uliovunjika: Kutoka Mteremkoni hadi Chumba cha Upasuaji

Barabara ya lami itokayo Songea imefika Mbinga mjini na kuteremka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Safari ambayo zamani, wakati wa masika, iliweza kumlaza msafiri njiani, leo ni ya saa chache. Neema hiyo imekuja na mwendo wa kasi, na mwendo wa kasi umekuja na ajali. Pikipiki ndiyo inayobeba gunia la kahawa, mfuko wa mbolea, mwanafunzi na mgonjwa. Inapoanguka au kugongwa, paja na muundi wa dereva na abiria wake hutangulia kupokea kishindo. Ziongezwe humo ajali za tangu enzi: kuanguka kutoka juu ya mwembe katika vijiji vya mwambao, kuteleza kwenye mteremko wa shamba la ngoro baada ya mvua, na bibi kizee kujikwaa uani usiku. Somo hili linahusu kinachofuata baada ya hapo, kwa kuwa mara nyingi ulemavu hautokani na ajali yenyewe. Hutokana na siku zinazopita kabla majeruhi hajafikishwa panapostahili.

Mfupa si kijiti kikavu. Una damu, una mishipa ya fahamu, na ndani yake umo uboho unaotengeneza chembe za damu. Ndiyo maana paja likivunjika, mtu mzima anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani kwa ndani, pasipo tone moja kuonekana nje; na ndiyo maana anayesema kwamba majeruhi hajatoka damu, hivyo asubiri kesho, hukosea. Uhai huo ndio pia unaouwezesha mfupa kujiunga. Damu iliyovuja penye mvunjiko huganda, baada ya wiki chache mahali pake huota mfupa mchanga ulio laini, kisha mfupa huo hukomaa na kuwa mgumu. Mkono wa mtoto unaweza kushika ndani ya wiki nne hadi sita. Muundi wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu, minne au zaidi. Kwa kusema kweli, hakuna daktari anayeunga mfupa. Kazi ya daktari ni kuvirudisha vipande mahali pake, kuvituliza visichezecheze, na kuilinda damu inayokwenda hapo. Kuunga ni kazi ya mwili.

Hapo ndipo inapopatikana sababu ya waunga mifupa wa kienyeji kuheshimiwa vijijini, na heshima hiyo haikutoka hewani. Mvunjiko mwepesi, usio na jeraha na ambao vipande vyake havijahama, utapona ukitulizwa kwa mabanzi ya mianzi kama utakavyopona ukitulizwa kwa plasta ngumu. Mzee wa kijiji aliyefunga mikono ya watoto ishirini na yote ikapona hasemi uongo. Tatizo ni kwamba kwa macho na vidole peke yake hawezi kuutofautisha mvunjiko huo na ule uliopasua kiungo, uliobana mshipa wa damu, au ambao vipande vyake vimepandana na kuufupisha mguu. Picha ya eksirei ndiyo inayoonyesha tofauti hiyo, na katika mambo ya mifupa hakuna busara ya uzee inayoweza kushika nafasi yake.

Hatari kubwa kuliko zote za mabanzi ni kukazwa mno. Mguu au mkono uliovunjika huvimba kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Kifungo kilichokuwa sawa asubuhi huwa kitanzi jioni. Damu hukosa njia, na misuli iliyokosa damu kwa takriban saa sita huanza kufa. Dalili yake ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yanayokuwa makali zaidi vidole vinaponyooshwa na mtu mwingine; kisha ganzi, vidole kuwa baridi, na mwishowe kushindwa kuvichezesha. Mwenye dalili hizo afunguliwe kifungo papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama aliyekifunga ni mtu wa kuheshimiwa, na awahishwe hospitali. Huko daktari anaweza kulazimika kupasua ngozi na utando unaoizunguka misuli ili kuipa nafasi ya kupumua. Akifika baada ya siku mbili, mara nyingi kinachobaki kuzungumzwa ni kukata. Onyo hili linahusu pia plasta ya hospitali: aliyefungwa plasta akapatwa na maumivu ya namna hiyo arudi bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Mvunjiko wenye jeraha, ule ambao mfupa umetoboa ngozi au kidonda kimefika kwenye mfupa, ni jambo la dharura la aina yake. Kupitia tundu hilo, hata liwe dogo kama punje ya mahindi, uchafu wa barabarani huingia ndani ya mfupa. Mgonjwa huhitaji dawa za kuua bakteria mapema iwezekanavyo, chanjo ya pepopunda, na kisha kuoshwa kidonda kwa maji mengi katika chumba cha upasuaji huku nyama iliyokufa ikiondolewa. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi na libanwe kwa kiganja iwapo damu inatoka. Mfupa uliochomoza usisukumwe kurudi ndani. Majivu, unga wa kahawa, petroli, mafuta ya breki na majani yaliyotafunwa yasitiwe kabisa, kwani yatakuja kuondolewa moja moja na mtu aliyeshika kisu. Majeruhi anayeelekea kupasuliwa asilishwe ugali wala uji kwa huruma: tumbo likijaa, dawa ya usingizi inaweza kumfanya atapike na chakula kiingie mapafuni.

Aliyeanguka kutoka mtini, au aliyerushwa na pikipiki akalalamika shingo au mgongo, ahesabiwe kuwa ameumia uti wa mgongo hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Ndani ya pingili za uti hupita mshipa mkuu wa fahamu, laini, usiozidi unene wa kidole, unaopeleka amri za ubongo miguuni na kwenye kibofu. Pingili iliyovunjika lakini bado haijaukata mshipa huo inaweza kuukata pale wasamaria wema wanapomnyanyua majeruhi kwa kwapa na miguu, au wanapomkalisha katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Abebwe akiwa amelala juu ya ubao, au hata mlango uliong'olewa, na watu wanne au zaidi. Mmoja ashike kichwa, na wote wamgeuze kwa pamoja kama gogo, bila shingo kupinda wala kiuno kujisokota. Kusubiri gari kwa nusu saa huku akiwa ametulia ni bora kuliko kufika mapema akiwa amepooza.

Kuhusu mahali pa kupeleka mgonjwa, ngazi ni ileile ya huduma nyingine: zahanati na kituo cha afya kwa huduma ya kwanza, kisha hospitali ya wilaya. Katika eneo hili zimo pia hospitali za mashirika ya dini zilizowahudumia wananchi kwa miongo mingi: Litembo ya Jimbo Katoliki la Mbinga, Liuli ya Kanisa Anglikana kule mwambaoni, na Peramiho upande wa Songea. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Songea, na juu zaidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Mwisho wa ngazi ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, maarufu kama MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 na iliyopo Dar es Salaam, takriban kilomita 1,000 kutoka Mbinga. Si kila mvunjiko unahitaji kufika huko, na familia zinazouza ng'ombe ili kuiruka ngazi nzima mara nyingine hutumia nauli kwa tatizo ambalo lingemalizwa Songea. Lakini barua ya rufaa ikishaandikwa, isikae sandukuni kwa mwezi. Mfupa ulioanza kushika vibaya lazima uvunjwe upya, na upasuaji huo ni mrefu na wa gharama kuliko ule wa siku ya kwanza.

Paja la mtu mzima linaonyesha vizuri upasuaji umebadilisha nini. Njia ya zamani, ambayo bado inatumika na bado inaponya, ni kumlaza mgonjwa chali mguu ukivutwa kwa uzito kwa wiki sita hadi kumi na mbili. Kwa mkulima ambaye ajali imempata mwezi Juni, hiyo ina maana kwamba kahawa itaiva, itavunwa na watu wengine au itadondoka, na yeye bado ametazama dari. Mwaka 1939, katika mji wa Kiel nchini Ujerumani, daktari Gerhard Küntscher alipitisha chuma kirefu ndani ya uboho wa paja lililovunjika, toka mwanzo hadi mwisho. Madaktari wengine walimwona mtu wa hatari. Vita vilipokwisha, wale waliopokea wanajeshi waliorudi kutoka utekwani walistaajabu kuona kwenye eksirei vyuma vilivyokaa kimya ndani ya mifupa iliyopona. Leo chuma hicho hufungwa kwa skrubu juu na chini ili mfupa usizunguke wala usifupike, na mgonjwa huweza kusimama kwa magongo ndani ya siku chache.

Kikwazo kilikuwa vifaa. Katika nchi tajiri chuma hicho huwekwa huku mashine ya eksirei ikionyesha kila hatua ndani ya chumba cha upasuaji, na mashine hiyo haipo katika hospitali nyingi za Afrika. Daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN, ambalo limebuni chuma kinachoweza kufungwa skrubu zake bila mashine hiyo, kwa kutumia kielekezi kinachoshikiliwa nje ya mguu. Hospitali hupewa vyuma hivyo bila malipo kwa sharti la kutuma taarifa na picha za wagonjwa wake. MOI ni miongoni mwa hospitali zinazovitumia. Aidha, madaktari wa MOI wakishirikiana na wenzao wa Marekani walichapisha mwaka 2020 utafiti kuhusu miundi iliyovunjika kwa jeraha, wakilinganisha chuma cha ndani na vyuma vya nje vinavyochomoza kwenye ngozi. Kwa matatizo makubwa, njia mbili hizo hazikuonyesha tofauti ya kutosha kuhitimisha kwamba moja inaishinda nyingine. Ila waliowekewa chuma cha ndani walijisikia vizuri zaidi wiki za mwanzo, na mifupa yao ilinyooka zaidi. Tanzania, kwa hiyo, si mpokeaji tu wa elimu ya mifupa. Inatoa pia.

Viungo vina habari yake. Gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, ikilika, mtu husikia goti au nyonga ikisaga kila anapopanda mlima. Tangu John Charnley alipokamilisha nyonga bandia nchini Uingereza mwaka 1962, kiungo kilichokwisha kinaweza kubadilishwa, na upasuaji huo sasa hufanyika nchini. Wengi huudhania kuwa ni wa wazee. Mwenye ugonjwa wa selimundu anaweza kuharibika nyonga angali kijana, kwa kuwa chembe zilizopinda huziba mishipa inayolisha kichwa cha mfupa.

Maumivu ya mgongo ni malalamiko ya kila siku, hasa kwa wanawake wanaoinama kutwa nzima wakifukia nyasi na kuchimba mashimo ya ngoro. Mengi ya maumivu hayo hayahitaji upasuaji wowote. Yanahitaji mazoezi, dawa za kutuliza, mzigo uliopunguzwa, na (jambo ambalo waume hawapendi kulisikia) mgawanyo wa haki wa kazi ya jembe. Zipo dalili chache zinazobadilisha hukumu hiyo: miguu kukosa nguvu, ganzi kati ya mapaja, kushindwa kuuzuia au kuutoa mkojo, homa na kupungua uzito, au kibyongo kinachojitokeza polepole. Hicho cha mwisho huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hakina uhusiano wowote na kurogwa, hutibika kwa dawa zilezile za kifua kikuu zinazotolewa bure, na kikigunduliwa mapema aghalabu mgonjwa hahitaji kisu.

Kwa watoto, mambo mawili yasipitwe. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, nyayo zikitazamana, apelekwe katika wiki zake za kwanza. Njia ya daktari Ignacio Ponseti hunyoosha mguu huo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano hadi saba, kisha mara nyingi kwa mchanjo mdogo wa kano ya kisigino, na hatimaye kwa viatu maalumu vya kulalia hadi umri wa miaka minne hivi. Wazazi wengi huviacha viatu hivyo mguu ukionekana umenyooka, nao hurudi ulivyokuwa. La pili ni mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga au kuguswa mguu pasipo kuanguka. Huyo huenda ana usaha ndani ya mfupa, na kuchuliwa au kuchanjwa chale humcheleweshea tiba ambayo inapaswa kuanza siku hiyohiyo.

Baada ya upasuaji, mgonjwa hukabidhiwa kadi, tarehe ya kurudi na picha za eksirei. Picha hizo zitunzwe mahali pakavu, maana daktari wa miezi sita ijayo atataka kulinganisha. Mazoezi ya kukunja goti na kunyoosha kifundo yaanze pale mtaalamu anaposema, hata kama yanauma, kwa kuwa kiungo kisichotumika hukakamaa. Kidonda kikianza kutoa maji au usaha, hata mwaka mmoja baadaye, mgonjwa arudi hospitali iliyomwekea chuma, akiwa na kadi yake mkononi.