Mzee Anakumbuka, Kijana Anaandika

Moshi wa kiwanda na maji machafu hupenda mitaa ya wanyonge. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, na sumu ya madini ya risasi ikafika hadi kwenye damu ya watoto. Wakazi, wakiwa na mwanaharakati Phyllis Omido, walishtaki. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kesi kama hiyo hula miaka. Mwenye mvi huianza, kijana huimaliza. Basi waanze pamoja kukusanya ushahidi.

Zungukeni mtaani wawili wawili. Barazani kijana husubiri wakubwa wamalize, na mara nyingi zamu yake haifiki. Mzee mmoja na kijana mmoja wapite vichochoroni. Mzee aonyeshe palipokuwa na kisima na mtaro ulikopita. Kijana apige picha, aandike mahali, siku na saa.

Tafuteni mwaka. Neno “zamani” halina uzito mbele ya afisa. Bibi akisema kuku walianza kufa zamani, muulizeni: kabla ya mvua za El Niño za 1997 au baada? Mjukuu yupi alikuwa amezaliwa? Cheti cha kuzaliwa kitawapa tarehe.

Tunzeni kadi za kliniki. Risasi huwadhuru zaidi watoto, maana ubongo wao bado unakua, nao hucheza mchangani kisha wakatia vidole mdomoni. Dalili peke yake hazitoshi. Ombeni kipimo cha damu.

Daini kwa maandishi. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 hakikulazimishi kuthibitisha kwamba mtu ameshadhurika ndipo uende mahakamani, na cha 35 kinakuruhusu kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Pelekeni barua kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Daftari liwe na mrithi. Nakala moja ikae kwa mzee wa mtaa, nyingine kwa kikundi cha vijana. Mzee akiondoka, aliyoyaona yabaki yameandikwa, yana tarehe.