Hadubini ya Shule na Nuru Iliyopolarishwa: Somo la Gharama Nafuu

Wapenzi wa Kiswahili tumezoea kudai kwamba lugha hii inaweza kufundishia sayansi. Ajabu ni kuwa dai hilo aghalabu hutetewa kwa orodha za istilahi, si kwa somo lenyewe. Makala haya yananuia kueleza namna ya kuirekebisha hadubini ya kawaida, ya aina inayopatikana katika maabara za shule za upili, ili itumie nuru iliyopolarishwa. Hadubini iliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo ina bei isiyomudiwa na shule nyingi.

Tuanze na neno lenyewe. Nuru ya kawaida hutetema kuelekea pande zote zinazokingama na njia yake. Ikiruhusiwa kupita ile inayotetema upande mmoja pekee, tunasema imepolarishwa. Wapo watakaouliza kwa nini tusilitumie neno la asili kwa kunyambua kutoka “ncha”. Jibu limo katika historia. Mnamo 1808, Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama, kupitia fuwele ya kalsaiti, nuru ya jua iliyoakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg mjini Paris. Alipoizungusha fuwele, taswira mbili alizoziona zilipokezana kufifia. Malus aliamini kwamba nuru ni chembe zenye ncha mithili ya sumaku, na jina likatokana na imani hiyo. Imani ilikufa, jina likabaki. Tukilitafsiri kwa “ncha” tutamrithisha mwanafunzi wetu kosa la Malus. Kwa maoni yangu, heri mkopo usiopotosha: polarisha, kipolarishi, upolarishaji. Unanyambulika bila taabu.

Kazi yenyewe huhitaji vichujio viwili. Zamani vilikuwa fuwele za kalsaiti, ghali mno. Lakini mnamo 1929 Edwin Land aliomba hataza ya utando unaofanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Utando wa jamii hiyo umo katika viwambo vya vikokotoo vilivyoharibika na katika baadhi ya miwani ya jua. Shika vipande viwili kimoja juu ya kingine, uzungushe kimoja: nuru ikizimika kila baada ya nusu mzunguko, umepata. Vichujio vya kamera pia hufaa. Hata hivyo, vingi vya siku hizi vina tabaka mbili, kwa hivyo upande wake ambao kwenye kamera huelekea mandhari ndio uelekee kielelezo, kiwe kichujio cha chini au cha juu.

Kichujio cha kwanza, yaani kipolarishi, hukaa chini ya jukwaa la hadubini, juu ya taa au kioo. Taa ikiwa ya kupasha joto, kiweke mbali nayo kisije kikaungua. Cha pili, ambacho napendekeza tukiite kichanganuzi, hukaa baada ya kielelezo: ndani ya neli ikiwa kichwa cha hadubini chafunguka, la sivyo juu ya lenzi ya jicho, kikishikiliwa na pete ya karatasi ngumu. Kizungushe hadi uwanja wote uwe mweusi. Slaidi iwe ya kioo, kwani plastiki nyingi hung’aa zenyewe zikamchanganya mtazamaji. Hadubini ikitumia kioo, usikielekeze kwenye jua kamwe.

Sasa weka punje ya chumvi na punje ya sukari ubavu kwa ubavu. Sukari itawaka kwa rangi; chumvi itabaki gizani, pengine kingo zake tu zikionekana. Fuwele ya sukari hugawanya nuru kuwa miale miwili yenye kasi tofauti, ilhali ya chumvi, kwa umbo lake la mchemraba, haifanyi hivyo. Izungushe slaidi polepole: sukari nayo itazimika na kuwaka tena.

Utamu zaidi umo katika unga wa mahindi. Koroga kidogo katika tone la maji, ufunike kwa kioo chembamba. Kila chembe ya wanga itang’aa ikiwa na msalaba mweusi katikati. Kisha chukua tone la uji ulioiva: misalaba imetoweka. Joto la nyuzi takriban 62 hadi 72 za Selsiasi huvunja mpangilio wa ndani wa chembe hizo. Mwalimu anayetafuta kuonyesha tofauti baina ya kuloweka na kupika hana haja ya mfano mwingine.

Mbinu hii si mchezo wa maabara tu. Mnamo 1961, Daniel McCarty na Joseph Hollander walionyesha kwamba fuwele za jongo hutambulika kwa nuru iliyopolarishwa katika majimaji ya viungo. Vifaa tulivyovieleza havitoshi kumpima mgonjwa, kwa sababu daktari huhitaji pia bamba maalumu la kulinganishia rangi na jukwaa lizungukalo bila kuyumba.