Jina lililonunuliwa dola 60: mwenye jina atapataje fungu lake?

Tarehe 13 Juni 2016 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kuinunua LinkedIn, daftari la wanataaluma lililoko kwenye intaneti, kwa dola bilioni 26.2. Wakati huo daftari hilo lilikuwa na wanachama wapatao milioni 433. Fedha hizo zikigawanywa kwa idadi ya majina, kila jina lilinunuliwa kwa takriban dola 60. Wenye hisa walilipwa dola 196 kwa kila hisa. Wenye majina hawakulipwa kitu.

Hakuna aliyedhulumiwa, kwani wenye majina hawakuweka mtaji. Fungu lao lipo, ila hulipwa kwa njia nyingine, nayo ni habari za kazi. Wengi hawalichukui. Hujiandikisha, huweka picha, kisha hukaa wakisubiri kuitwa. Somo la wiki hii linaeleza jinsi biashara hiyo inavyokwenda, na namna anayetafuta kazi anavyoweza kuchukua fungu lake bila kuangukia mikononi mwa matapeli.

NANI ANALIPA

LinkedIn ilianzishwa na Reid Hoffman pamoja na wenzake, ikafunguliwa kwa umma tarehe 5 Mei 2003. Kujiandikisha ni bure. Mapato yake hutoka kwa waajiri wanaolipia kutafuta watu na kutangaza nafasi za kazi, kwa wenye matangazo ya biashara, na kwa wanachama wanaolipia huduma za ziada. Mwaka 2015, kabla ya kununuliwa, mapato yalikaribia dola bilioni 3, na zaidi ya nusu yalitoka kwenye huduma za ajira.

Bei ya hisa zake iliyumba sana. Tarehe 19 Mei 2011 ziliingia katika soko la New York kwa bei ya toleo ya dola 45, zikafunga siku hiyo kwa dola 94.25. Tarehe 5 Februari 2016, baada ya kampuni kutoa makadirio hafifu ya mapato, zilianguka kutoka dola 192 hadi 108 kwa siku moja. Aliyeuza siku hiyo kwa hofu alikosa dola 196 za Microsoft miezi michache baadaye. Siku hizi hisa za LinkedIn haziuzwi peke yake.

Kwa mtafuta kazi, jambo la kushika ni kwamba mnunuzi mkubwa katika soko hili ni mwajiri. Yeye ndiye anayelipa. Anayetafuta kazi yuko upande wa bidhaa, na bidhaa isiyo na maelezo hupitwa.

HABARI MPYA IKO KWA WA MBALI

Wafanyabiashara wanalijua jambo hili kabla ya wataalamu kuliandika. Wauza mchele wa safu moja pale Kariakoo huambiana bei ambayo wote wanaijua tayari. Habari mpya huletwa na dereva wa lori aliyelala Mbeya juzi, mtu wanayeonana naye pengine mara moja kwa mwezi.

Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alilipima jambo hilo kwa wafanyakazi wa Newton, mji ulio jirani na Boston, akachapisha matokeo mwaka 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kwa kuelekezwa na mtu wanayemfahamu kwamba walikuwa wakionana naye mara ngapi. Waliokuwa wakionana naye mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu ni ileile ya Kariakoo: ndugu na marafiki wa karibu wanakutakia mema, lakini wanajua yale unayoyajua.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi mkubwa zaidi, uliofanywa ndani ya LinkedIn kwa wanachama zaidi ya milioni 20 katika muda wa miaka 5. Matokeo yalimuunga mkono Granovetter, lakini kwa marekebisho mawili. Kwanza, waliosaidia zaidi walikuwa watu wa kati: si wa karibu sana, wala si wageni kabisa. Pili, faida ya watu wa mbali ilionekana zaidi katika sekta zinazotumia sana kompyuta. Katika sekta zisizozitumia sana, watu wa karibu ndio waliofaa zaidi.

Kwa hiyo fundi seremala asikimbilie intaneti na kumwacha mwashi anayemjua. Lakini mhasibu, ofisa mauzo, wakala wa forodha au mtaalamu wa kompyuta ana sababu ya kutunza majina ya watu aliosoma nao, aliofanya kazi nao na aliouziana nao mali.

KUANDAA BIDHAA

Chukulia mfano wa karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Akiandika “mchapakazi, mwaminifu, anajituma”, hajasema lolote ambalo wengine hawakusema. Akiandika “miaka 5 ya kutunza hesabu za duka la jumla, kuhesabu stoo kila mwezi, kuandaa hesabu za kodi, kufuatilia wadaiwa”, mwajiri anajua ananunua nini. Tena maneno hayo ndiyo mwajiri anayoyaandika anapotafuta mtu. Yasipokuwepo, jina halitokei.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi nao ni mali. Kila kazi iandikwe pamoja na miaka yake, kiasi kilichosimamiwa na matokeo. Uongo usiingie, kwani waliokuwa naye kazini wanausoma ukurasa huohuo.

OMBA HABARI, USIOMBE KAZI

Kosa la kawaida ni kumwandikia mtu baada ya miaka 6 ya kimya: “Naomba unisaidie kazi.” Huyo hana kazi ya kugawa, naye ataona haya kujibu. Afadhali aandikiwe hivi: “Shikamoo kaka. Ni mimi tuliyekuwa wote stoo ya bandarini mwaka 2016. Natafuta nafasi ya uhasibu. Je, kampuni yenu hutangaza nafasi wapi, na ni vizuri nionane na nani?” Swali la namna hiyo hujibika kwa dakika mbili, na mara nyingi jibu huja na jina la mtu wa tatu.

Aidha, salamu zisingoje shida. Anayempongeza mwenzake kwa cheo kipya, au kumpa habari ya zabuni isiyomfaa yeye mwenyewe, anaweka akiba.

TAHADHARI

Soko lenye majina mengi huvuta wezi. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wapatao 120,000 nchini Myanmar na 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wameshikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa intaneti, wengi wao wakiwa wamevutwa kwa ahadi za kazi nzuri. Wakenya wamekuwa miongoni mwa walionaswa, na mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilitoa tahadhari kwa umma.

Dalili ni chache na hazibadiliki sana: mshahara mkubwa kwa kazi isiyoelezwa, haraka ya kusafiri, usaili usiohoji ujuzi, na ada ya “fomu” au “viza” inayotumwa kwa simu ya mtu binafsi. Kipimo chepesi ni kile cha mwanzo wa somo hili. Katika soko halali la majina, mwajiri ndiye anayelipa. Mtafuta kazi akidaiwa fedha ili aajiriwe, asimame hapo. Ampigie mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kampuni hiyo, amuulize. Asipompata hata mmoja, asisafiri.