Diapa Moja Moja: Jinsi ya Kuzuia Pesa za Mtoto Kuvuja Kila Siku

Mtoto akizaliwa, wengi wetu hujipanga kwa vitu vikubwa: kitanda, blanketi, bili ya hospitali. Lakini pesa nyingi haziendi huko. Zinaenda kioskini, shilingi 50 leo asubuhi, 75 jioni, na mwisho wa mwezi unajiuliza zimeenda wapi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza.

Wacha tupige hesabu. Hizi ni bei za mfano tu. Weka za mtaa wako. Tuseme diapa moja kioskini ni shilingi 25, na mtoto anatumia 6 kwa siku. Hiyo ni 150 kwa siku, yaani 4,500 kwa mwezi. Sasa tuseme pakiti ya diapa 50 ni shilingi 900. Kila diapa inakuja 18, na mwezi mzima unatumia takriban 3,240. Tofauti ni 1,260.

Utasema, "Sawa, lakini hiyo 900 ya mara moja nitaitoa wapi?" Hapo ndipo shida ilipo. Anayenunua moja moja si kwamba hajui hesabu. Ni kwamba hana pesa ya kuanzia. Kwa hivyo lengo lako ni moja tu: pakiti ya kwanza.

1. Tafuta pakiti ya kwanza

Weka shilingi 45 kila siku kwenye akiba ya simu, na baada ya siku 20 utakuwa na 900. Njia ya haraka zaidi: jamaa wakiuliza wakuje na nini kuona mtoto, waambie diapa. Usione haya. Nguo za miezi 3 zitamtosha kwa muda mfupi tu.

2. Endelea "kununua" kila siku

Hii ndiyo siri yenyewe. Ukishafungua pakiti, usitumie ile 150 ya kila siku kwa kitu kingine. Iweke kwenye akiba kana kwamba bado unaenda kioskini. Pakiti itaisha baada ya siku 8 hivi, na utakuwa na 1,200. Nunua nyingine kwa 900, na 300 inabaki. Kuanzia hapo pakiti inajilipia yenyewe.

3. Usijaze nyumba

Mtoto anakua haraka. Angalia uzito ulioandikwa kwenye pakiti, na usiweke stoo ya saizi ndogo. Mchana mkiwa nyumbani, nepi za kitambaa zitasaidia pakiti ifike mbali.

4. Lipa dukani moja kwa moja

Ukitoa pesa kidogo kidogo kwa ajenti, kila mara unakatwa ada. Kama duka linapokea malipo kwa simu, lipa hapo hapo. Soma kwanza jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Na ukiona diapa za bei ya kushangaza mtandaoni, usitume pesa kabla hujaona mzigo. Matapeli wanajua wazazi wanatafuta nafuu.

5. Usikate hapa

Kuna mahali ambapo kubana matumizi ni hatari. Usikae na diapa iliyojaa ili isogee hadi jioni, maana mtoto atapata vipele. Kama anatumia maziwa ya kopo, usiongeze maji kuliko maelekezo ili yadumu, atakosa lishe. Na usiruke kliniki kwa kuhofia gharama: chanjo za kawaida ni bure katika vituo vya serikali, kuanzia anapozaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14, na nyingine baadaye, kama za surua miezi 9 na 18. Angalia kile kitabu chake cha kliniki.

Habari njema ni kwamba, kwa miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama pekee yanamtosha, hata maji hahitaji. Akianza kula, viazi, maharagwe, mboga na yai vilivyopondwa vizuri vinampa lishe bila kununua vyakula vya kopo.

Leo jioni mtoto akilala, fungua meseji zako za malipo za wiki hii. Jumlisha zile zote zilizoenda kioskini kwa sababu ya mtoto. Hiyo namba utakayoipata ndiyo itakayokuonyesha pakiti yako ya kwanza iko umbali gani. Kisha weka ile 45 ya kwanza kabla hujalala.